Mkia wa Utingo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi kali. Upepo unachuna masikio. Siku njema sana kwangu, ingawa si kwa mbwa.

Mbwa wa Faustina, jirani yetu mjane hapa Kihesa, ameamka nusu. Mbele mbwa, nyuma gunia. Miguu ya nyuma haisikii amri. Daktari wa mifugo, Anord, amekuja na pikipiki yake, akampapasa mgongo, akamfinya vidole, akasema ni uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini. Kimoja kimechomoka na kubana mishipa ya fahamu. Wa kumpasua hapa Iringa hamjui. Dawa zipo, lakini dawa kubwa ni kulala. Wiki sita kizimbani. Asiruke, asikimbie, asipande ngazi. Akitulia huenda akatembea tena. Asipotulia, ndiyo basi.

Mimi ni fundi saa. Nimemwelewa kuliko wote waliokuwepo. Saa nayo ni pingili tupu.

Mbwa anaitwa Utingo. Marehemu mume wa Faustina alikuwa dereva wa lori la Tunduma, na huyu ndiye aliyekaa naye mbele, akishuka kila kituo kwa kuruka kutoka mlango wa juu. Hapo ndipo mgongo ulipokwisha. Ni mrefu kama benchi, mfupi kama kigoda. Watu wanasema bibi yake alikuwa mbwa wa padri Mzungu kule Tosamaganga. Miguu anayo minne, ila kuiona mpaka uiname.

Sasa habari yenyewe. Faustina anasafiri kesho kwenda Iyunga, Mbeya. Binti yake kajifungua, na bibi hawezi kukosa kumkanda mzazi. Mbwa abaki na nani? Amesimama uani pake analia, akasema mbele za watu kwamba huyu mbwa ndiye aliyebaki wa kumkumbusha mumewe, na mwanamume atakayemsimamisha hatamsahau maisha yake yote.

Maisha yake yote! Nilikuwepo. Nimesikia kwa masikio haya.

Sina mke. Umri wangu ni wa kuheshimika. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza kupenga kamasi. Anania naye kanyoosha. Anania ni mfuga nyuki, Mlutheri, anaimba besi kwaya, na ana pikapu. Mimi nina akili, na nina kiwiko. Nimemtangulia.

Dada yangu Paskalina, ambaye nyumba ni yake na mimi nimo kwa muda tu tangu zamani, ameuliza kama nimewahi kulea hata mche wa kabichi. Wivu wa ndugu.

Jumanne, 3 Juni

Faustina kaondoka na basi la asubuhi. Nimempungia kwa mkono wa mbwa. Naona imemgusa.

Kizimba. Kwa nini nipige misumari wakati banda la kuku lipo? Ni la Paskalina, lakini lipo. Nimewahamishia kuku jikoni. Jogoo amekataa. Nimemwacha. Amepanda juu ya Utingo, pale pale palipokatazwa, akawika.

Paskalina karudi sokoni akawakuta kuku mezani na mmoja ndani ya chungu cha maharage, hai. Amesema mengi, mwishoni kwa Kihehe, maana Kiswahili kilimwishia. Sitayaandika.

Kwa hiyo banda limerudi kwa wenyewe. Utingo yuko chumbani kwangu, ndani ya kabati langu la nguo, nimelilaza chali na kung'oa milango. Ni kizimba kizuri sana. Nguo zangu ziko bandani na jogoo.

Jambo jingine. Anord alilisema kwa sauti ya chini, nikadhani ni dogo. Utingo hawezi kukojoa mwenyewe. Lazima akamuliwe. Unaweka viganja pande mbili za tumbo, unabana taratibu, kama ndimu. Nimebana. Kimya. Nimebana tena. Kimya. Nikainama nione shida iko wapi.

Kosa lilikuwa kuinama.

Alhamisi, 5 Juni

Mimi ni Mhehe, kabila linalotaniwa kwamba hula mbwa. Mbwa akionekana nyumbani kwa Mhehe, nchi nzima hucheka kwanza, huuliza baadaye. Joachim, mtani wangu Mngoni anayeuza viatu karibu na kibanda changu, amekuja kumjulia hali mgonjwa akiwa na pakiti ya chumvi. Kasema, "Nimeleta hii tu, mengine najua mnayo." Akamtazama Utingo mbavu, akanipongeza kwa malezi, akaniuliza sherehe lini apange safari zake. Nimemjibu kwamba Wangoni walipokimbia vita waliacha hata viatu, ndiyo maana leo anauza. Tumeshikana mikono. Chumvi nimempa Paskalina.

Abdul, mwenye duka la magodoro kule chini mteremkoni, amenipa kipande cha sponji cha kumlazia mgonjwa. Mtu mwema. Ila amekirusha kutoka ng'ambo ya barabara akipiga kelele nisimsogelee, ana udhu, na mimi nimejaa mate ya mbwa mpaka kwenye nyusi.

Nimempigia Faustina. Nimesema mgonjwa anaendelea vizuri na ananitazama kwa shukrani. Kweli ananitazama. Faustina kasema, "Ahsante, Dastan." Sijawahi kusikia jina langu likitamkwa vile. Kwa Paskalina huwa linasikika kama ugonjwa.

Anord kasema tuangalie mkia. Uhai ukirudi nyuma, utaanzia mkiani. Nimeutazama mkia mchana kutwa. Kamba.

Jumamosi, 7 Juni

Leo jumuiya yetu ilikuwa inachimba msingi wa nyumba ya katekista. Mimi na sululu hatujawahi kuelewana. Nikamweleza mwenyekiti, Mama Evarista, kwamba sitaweza. Nina mgonjwa ndani, wa uti wa mgongo, hawezi kuinuka, namlisha, namgeuza, hata haja ndogo namsaidia kwa mikono yangu. Kila neno kweli tupu.

Mama Evarista kashika kifua. Kauliza ni nani. Nikasema ni wa nyumbani kwa Faustina. Kweli pia. Kasema sikujua kama una moyo huo, Kalinga. Nikainamisha kichwa.

Nimelala mpaka jua limefika dirishani. Utingo kanisindikiza kwa kukoroma.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya aibu. Siku ya furaha. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nasikia hodi, halafu wimbo. Jumuiya nzima imo uani! Wamekuja kumwombea mgonjwa. Uji kwenye chupa, ndizi, mayai ya kuchemsha bakuli zima. Nimesahau kabisa kwamba Mkatoliki hauguzi mgonjwa peke yake. Ukishasema una mgonjwa, mgonjwa ni wa wote.

Nimesema amelala. Wamesema hawatamwamsha. Nimesema ana aibu ya watu. Mama Evarista kasema aibu ya nini, sote ni udongo, akanipita mlangoni. Nimewahi mbele nikamfunika Utingo blanketi mpaka kichwani, nikafunga pazia, nikasema mwanga unamuumiza.

Wamesimama kulizunguka kabati. Mama mmoja kanong'ona, "Mbona mfupi hivi?" Mwingine akamjibu ugonjwa wa mgongo ndivyo ulivyo, unamla mtu anabaki kipande. Wakaanza kulia kweli. Mama Evarista kauliza kwa nini amelazwa ndani ya kabati. Nimesema daktari kaagiza. Kauliza kama anasikia. Nimesema kuliko mimi. Akamwinamia akamsalimu kwa Kihehe, kwa upole, "Kamwene, ndugu yetu." Utingo kaguna. Mama Evarista kajifuta machozi: kaitika!

Tumepiga magoti. Rozari. Katikati ya fungu la tatu mlango umefunguka, Anania huyo, na chupa ya asali. Yeye anajua mgonjwa ni nani. Nimemtolea macho. Anania ni mtu wa adabu. Kakuta watu wamepiga magoti, naye kapiga, Mlutheri kati ya Wakatoliki. Sala ilipofika mwisho akatoa ile "Amina" yake ya besi, kama lori linapanda mlima.

Blanketi likatikisika. Upande wa nyuma.

Niliona mwenyewe. Tap. Tap tap. Nimesahau mpango, nimesahau watu, nimeruka juu nikapiga kelele: "Mkia! Mkia umetikisika! Jamani, mkia!"

Mama Evarista kauliza, mkia wa nani?

Blanketi likavutwa. Utingo kawatazama wote, mmoja mmoja, kisha akayatazama mayai.

Mama mmoja kasema angalau tumuulize Padri kama sala inaweza kurudishwa. Mzee mmoja kasema aliyepona kapona, mambo mengine ni ya Mungu. Mama Evarista hakupaza sauti. Kaniambia tu, "Kalinga, ule msingi umekusubiri." Waliondoka na uji na ndizi. Mayai Utingo alikuwa ameshayawahi, na maganda yake.

Lakini mkia! Umetikisika! Kinachoniuma ni kwamba umetikisika kwa Anania. Nimemwambia Utingo "Amina" mpaka sauti imekauka. Ananiangalia kama mteja anayejua saa haitakuwa tayari.

Jumatano, 18 Juni

Nimechimba msingi. Peke yangu. Katekista alikaa kivulini akinihimiza kwa maandiko. Sina mgongo. Sasa namwelewa mgonjwa wangu kutoka ndani.

Jumatatu, 23 Juni

Faustina kaniuliza kwenye simu kama ni kweli Anania anafika kila siku kumwimbia Utingo. Kasema Anania ana moyo. Ana moyo! Na mimi ninayekamua ndimu nina nini?

Hapo akili ikafanya kazi. Anord kakataza mbwa kutembea. Hajakataza mbwa kubebwa na magurudumu. Nimeng'oa magurudumu mawili ya begi la safari la Paskalina, nikaunga kwa bomba, nikamfunga Utingo nyuma kwa mkanda wangu wa suruali. Mbele anatembea, nyuma anasafiri. Nilitaka nipige video, nimtumie Faustina, aone maendeleo.

Nimemweka barabarani, nikarudi nyuma hatua chache ili atoshe kwenye simu.

Iringa ni mji wa miteremko. Fundi saa hufanya kazi mezani, na meza haina mteremko. Sikuwaza.

Utingo kaanza polepole. Kisha haraka. Kisha nikaona anageuza kichwa kuniuliza. Nikakimbia huku nimeshika suruali, maana mkanda alikuwa nao yeye. Joachim katoka dukani akapaza sauti, "Mtani, chakula kinakimbia!" Bodaboda zimempisha. Bibi mmoja wa nyanya kapiga ishara ya msalaba. Masikio ya Utingo yalikuwa yamelala nyuma, na nitasema ukweli, uso wake ulikuwa wa furaha, uso wa zamani za lori.

Kaingia dukani kwa Abdul. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa mlangoni. Yamempokea.

Abdul alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutawadha.

Jumanne, 24 Juni

Mkia umekufa tena.

Anord kaja. Hakunigombeza. Kamfinya vidole, katazama mkia, kamfinya tena, kisha akafunga mkoba wake na kusema kama godoro lisingekuwepo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Tusubiri. Kauliza kazi yangu. Nimesema fundi saa. Kasema basi kazi ya kusubiri naijua.

Abdul kaosha sakafu yake mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyotaka. Godoro lenyewe kasema hawezi kuliuza tena na hawezi kuliangalia. Kamtuma mtu alilete. Jipya, zito, la hospitali. Utingo analala hapo. Mimi naendelea na langu lenye shimo.

Ijumaa, 27 Juni

Sijafungua kibanda. Watu wamekuja kuulizia saa zao nyumbani, Paskalina kawaambia fundi yuko kabatini.

Si uongo. Nimeingia humo kumkanda miguu. Maji ya moto, kitambaa, polepole kutoka nyonga kwenda chini, kama Faustina anavyomkanda binti yake huko Mbeya. Yeye ndiye aliyenifundisha kwa simu. Hakujua kwa nini nauliza kwa bidii hivyo. Sikumwambia habari za magurudumu. Alisema tena "Ahsante, Dastan," na kifuani pakanibana. Maharage ya Paskalina hayakuiva.

Utingo anaweka kidevu juu ya kiatu changu. Nikiondoka analia. Kwa hiyo siondoki. Ni kwa ajili ya Faustina tu.

Jumapili, 29 Juni

Nimekaa naye, simwambii kitu. Nilikuwa namenya kiazi. Kiazi kimeniponyoka, nikatukana kidogo.

Tap.

Nimetukana tena. Tap tap tap!

Anania hupewa mkia kwa wimbo. Mimi hupewa kwa matusi. Mkia ni mkia. Nimelia kidogo. Paskalina kaniona, kageuka akaenda zake, na jioni kaniongezea nyama.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Anakojoa mwenyewe! Nimeitangaza mpaka barabarani. Watu waliokuwa wanaenda maonyesho wamenipongeza, wengine bila kujua ni nani anayekojoa.

Namtembeza uani kwa kitenge kilichopita chini ya tumbo, mimi nimeshika ncha mbili juu. Joachim kaniuliza huo mkoba nimeununua wapi. Miguu ya nyuma inajaribu. Mmoja unakwenda Dodoma, mwingine Songea. Anayumba kama mtu aliyetoka kwenye ulanzi wa jirani. Lakini anakanyaga!

Jumamosi, 19 Julai

Iyunga, Mbeya. Naandikia kwenye ngazi za watu.

Anord kamruhusu Utingo mwendo mfupi. Faustina hawezi kuja, mjukuu bado mchanga. Anania kasema ana madumu ya asali ya kupeleka Mbeya, twende wote kwa pikapu. Nifike mbele ya Faustina kama mzigo wa Anania? Nimekataa kwa heshima na kupanda basi kwa siri, alfajiri.

Mbwa haruhusiwi kwenye basi. Mtoto anaruhusiwa. Nimemvika Utingo kofia ya sufu na kumbeba mgongoni kwa kitenge, kama mama. Konda kanitazama. Nimesema mama yake yuko Mbeya, mgonjwa. Abiria wamenihurumia mno. Mama wa kiti cha pembeni kasema wanaume wa namna yangu wamebaki wachache. Nilianza kumwamini.

Tumekwenda vizuri mpaka Nyololo. Hapo wakaleta mahindi ya kuchoma dirishani. Yule mama kanunua, kamega punje, kasema ngoja nimwonjeshe mtoto.

Mtoto akala hindi lote, na gunzi.

Basi limetuacha Nyololo. Tumesimama kando ya barabara, vumbi la malori usoni, Utingo bado na kofia yake. Mchana pikapu ikapunguza mwendo. Anania hakucheka. Kafungua mlango, kamwambia Utingo, "Panda, bosi," kisha akakumbuka mgongo, akashuka kumbeba mwenyewe. Na mimi nikapanda.

Njiani kanialika harusi yake. Mwezi wa Agosti. Anaoa mwalimu wa kwaya wa Nyololo, ndiyo maana alikuwa anapita hapo. Muda wote huo! Kumbe nimeshindana na mtu aliyekuwa anafanya mazoezi ya sauti.

Kwa hiyo uwanja ni wangu. Nimechana nywele kwenye kioo cha pikapu.

Faustina alikuwa mlangoni na mjukuu begani. Nimemweka Utingo chini, nikatoa kitenge. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, bila mzaha.

Kasimama. Nyuma imeyumba, ikakaa. Hatua. Hatua nyingine. Kaanguka kitako. Kanyanyuka! Kavuka ua wote, Dodoma na Songea, mpaka miguuni kwa Faustina, akalaza kidevu juu ya ndala yake.

Faustina kampa binti yake mtoto, kakaa chini kwenye vumbi, kamkumbatia mbwa, kalitaja jina la marehemu. Muda mrefu. Sote tumetazama pembeni.

Kisha akasimama, akanishika mikono yote miwili. Hii hapa, nikasema moyoni. Kasema, "Dastan, tangu leo wewe ni kaka yangu wa tumbo moja."

Kaka. Wa tumbo moja.

Kasema nyumba hii ni ngazi tupu, Utingo ataumia tena, na yeye hataondoka Mbeya karibuni. Na mbwa mwenyewe, angalia, ameshageuka. Kweli. Alikuwa amerudi mwendo ule ule wa kulewa, amekaa juu ya kiatu changu. Faustina kasema basi ni wako, kaka. Mtunze.

Jumanne, 22 Julai

Kihesa. Nimefikiri sana kabatini.

Wengine wangesema nimeshindwa. Hawajui kuchambua mambo. Kosa langu lilikuwa moja tu: nimemponya haraka mno. Mgonjwa akipona, simu zinakwisha. Asiyepigiwa simu atakuwa nani zaidi ya kaka? Mwezi mmoja zaidi wa ugonjwa na leo tungekuwa tunaongea mahari.

Halijaharibika. Kesho nampigia Faustina kumweleza kwamba Utingo ameanza kuchechemea kidogo, mguu wa nyuma wa kushoto, wala asiogope, nipo. Ila Anord anapita Alhamisi, na Paskalina ana mdomo. Lazima kionekane kitu.

Tumeanza mazoezi uani. Nachechemea mbele yake, kutoka mlangoni mpaka bandani na kurudi, ili aige. Hataki. Anakaa wima, mgongo umenyooka kama askari, ananitazama, mkia unapiga chini.

Mimi nimeshaweza vizuri sana. Leo jioni watu watatu wamenisimamisha barabarani kunipa pole.